Vuli Haikuwepo Kwenye Ukurasa

Kwetu Kwamsisi, Handeni, mwaka wa kulima unaanza na vuli. Hilo halifundishwi shuleni. Kiangazi kikikaribia kwisha watu wanafyeka, wanachoma, na moshi unasimama juu ya mashamba mpaka mawingu yatokee. Ukishavuna vuli ndipo unafikiria masika. Mtu akikuambia "msimu wa kwanza", utafikiria vuli tu.

Naanza na hilo kwa sababu watu bado wanasema nilikosea. Sikukosea.

Wakati ule ghala la ushirika lilikuwa limefungwa zamani na paa lake limeanza kutoboka. Mbegu zilikuwa za yeyote mwenye gari. Mmoja alileta mahindi yaliyopakwa rangi, mwingine yaliyotobolewa na wadudu, na wote walisema soko ni huria. Ndipo akaja bwana wa mradi mmoja wa mbegu, mtu wa mjini mwenye shati lililonyooshwa. Alikiambia kikundi chetu cha wakulima kwamba sasa tutaagiza mbegu wenyewe kwenye ukurasa wa mradi mtandaoni, bila mchuuzi katikati. Alitaka mtu mmoja wa kwenda Korogwe kuagiza. Nikatajwa mimi, kwa kuwa niliwahi kukaa kwa shangazi pale mjini na binti yake akanifundisha kushika kipanya cha kompyuta. Nilitaka kukataa, lakini sijui kusema mbele ya watu, ikaonekana nimekubali.

Duka la intaneti lilikuwa nyuma ya stendi. Mwenye duka alikuwa dada mmoja Msambaa, na aliposikia nimetoka Handeni hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mzigua, bonyeza. Hiyo haing'ati."

"Nasoma kwanza."

"Unasoma nini muda wote huo? Au unaipulizia dawa zenu?"

"Dawa zetu haziwashiki hata Wasambaa, zitaishika kompyuta?"

Akacheka, akavuta kiti akakaa nami. Utani ndio kitu pekee ninachoweza kujibu bila kutetemeka.

Juu ya ukurasa kulikuwa na maneno yamepangwa kwa mstari: Mbegu, Pembejeo, Bidhaa Zetu, Huduma. Tukabonyeza Mbegu, zikaja picha za watu wanaocheka shambani. Pembejeo ikatupeleka kwenye mbolea. Mbegu zenyewe tulizikuta ndani ya Bidhaa Zetu, na humo hazikuitwa mbegu tena, ziliitwa Suluhisho la Mkulima.

"Hawa wanaziuza au wamezificha?" dada akauliza.

Chini yake kulikuwa na sehemu mbili, Msimu wa Kwanza na Msimu wa Pili. Mahali pengine kwenye ukurasa uleule waliandika mvua ndefu, na chini zaidi msimu mkuu, bila kusema kama vyote ni kitu kimoja. Neno vuli halikuwepo popote. Masika nayo haikuwepo. Vuli ilikuwa inakaribia. Nikabonyeza Msimu wa Kwanza, nikaagiza za kikundi chote, na za mama yangu humohumo.

Mbegu zilifika mapema. Mifuko ilikuwa na namba kubwa mbele na Kiingereza nyuma. Mama alipanda shamba lote. Mahindi yalitoka mazuri, ya kijani iliyokolea, mpaka watu wakawa wanasimama njiani kuyatazama. Yakaendelea kurefuka. Majirani waliopanda mbegu zao za kienyeji walikuwa wanachoma mahindi mabichi wakati ya mama ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Kisha mvua ikakatika, kama vuli inavyokatika kila mwaka. Tulivuna mabua.

"Yule binti alibonyeza vibaya," ndivyo ilivyosemwa. Mwenyekiti wa kikundi alinipita njiani na shikamoo yangu hakuiitikia. Lakini hilo ningeweza kulivumilia. Lililoniuma ni kwamba mahindi ambayo mama huyatundika juu ya moshi jikoni kwa ajili ya mbegu, tulikuwa tumeshayasaga tukala, kwa kuwa tuliahidiwa mapya. Masika ilikuwa inakuja na mama hana punje ya kupanda.

Nikamfuata bwana wa mradi ofisini kwake, Korogwe. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Msimu wa kwanza ni wa mwezi wa tatu," alisema. "Zile ni mbegu za kuchelewa kukomaa, za mvua ndefu. Mwaka unaanza Januari. Au kwenu hauanzi?"

"Kwetu unaanza na vuli."

"Sasa hilo ningelijuaje?"

"Ulikuja kwetu. Ungeuliza."

"Na wewe ungeuliza."

Nilibaki natazama mikono yake, misafi, juu ya meza. Nikasema tu kwamba waandike vuli na masika, kama watu wanavyosema. Akasema lugha ile ni ya kitaalamu, ila watalifanyia kazi.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya nilirudi kwenye lile duka, safari hii na mama. Yeye alitaka kuona kwa macho yake kile kitu kilichomlia shamba. Ukurasa ulikuwa umebadilishwa. Vuli na Masika ziliandikwa kwa herufi nene, na kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nikabonyeza Vuli. Ndani yake ilikuwepo ileile namba ya mifuko ya mama. Walibadilisha maneno ya nje, mbegu wakaziacha palepale. Na kwenye ukurasa wa kulipia bado iliandikwa Msimu wa Kwanza, kama vile hakuna mtu aliyepoteza kitu.

"Basi bonyeza Vuli upate za masika," dada akasema, naye hakuwa anatania.

"Na kama wamebadilisha mbegu wakaacha namba?"

Mama alikuwa ameegemea meza, anaangalia kioo, halafu ananiangalia mimi.

"Yaani nikitaka masika niseme vuli?"

"Labda, mama."

"Labda." Akafunga kanga yake vizuri. "Inuka, mwanangu. Kitu ambacho mwenyewe hajui amekiita nini, mimi sikinunui."

Kwetu mbegu haiombwi mikono mitupu. Unakwenda na jembe, unamlimia mwenye mbegu, na yeye anakupimia kwa kadiri anavyoona. Mama alikwenda kwa jirani ambaye vuli ile alivuna vizuri, mtu ambaye miaka mingine ndiye aliyekuwa akija kulima kwetu. Nikaenda naye. Jirani hakutucheka, na hilo lilinikera zaidi, alituonyesha tu mahali pa kuanzia. Tulilima tumeinama, mama mbele, mimi nyuma, nikiupiga ule udongo kwa hasira ambayo haukustahili.

Upande wa pili wa njia shamba letu lilikuwa bado na mabua yamesimama. Mvua ilitukuta tuko kwenye shamba la mtu.