Shahidi wa Namba Kumi na Mbili

Miaka tisa mimi na Mama Benedicte tulikaa jirani hapa Bwera, vyumba viwili vya mstari mmoja, na mtu angeniuliza yukoje ningejibu haraka: mama mwema, hana maneno. Ndivyo tunavyosema juu ya jirani tusiyemjua. Mimi nauza chumvi ya Katwe kwa Wakongomani wanaovuka mpaka pale Mpondwe kuingia kwetu Uganda siku za soko. Nina wateja, nina wakwe, nina mwanangu Bright na wanawe wanaokuja kunimalizia sukari. Sikuwa na haja ya mtu mwingine. Nalisema mapema msije mkanidhania mtu mzuri.

Alitoka Butembo, ng'ambo huko Kongo, akiwa mjane. Watoto wake wawili "walibaki njiani", alisema hivyo mara moja, na hakuna aliyemuuliza njia gani. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akakaa benchi la karibu na mlango, akarudi kabla sisi wengine hatujaamka vizuri. Alifagia chumba chake, akafagia nje, akaendelea mpaka kwenye kizingiti changu, akakomea hapo. Nilikuwa naona raha kukuta mbele ya mlango wangu pamefagiliwa, na sikumbuki kama niliwahi kumshukuru.

Kazi yake ndiyo iliyokuwa ikinichekesha. Kulikuwa na shirika la wazungu wa Denmark, linaitwa Mlango Wazi, ofisi yake iko Kasese mjini na mkuu wake ni kijana wa huku huku, Apollo. Shirika hilo halikuchimba visima wala kujenga shule. Lilitafuta wazee wanaoishi peke yao, likawapelekea mtu mara moja kwa wiki. Mtu huyo alibeba mche mmoja wa sabuni, akakaa na mzee saa nzima, wakaongea, kisha akaandika kwenye daftari mzee anaendeleaje. Basi. Apollo aliwahi kuniambia kwamba kwa watu wa Denmark upweke ni ugonjwa. Nikamjibu kwamba kwetu ugonjwa ni malaria, na nikaondoka nikijiona nimesema jambo la maana.

Bwera ilikuwa na wazee kumi na wawili, na Mama Benedicte ndiye aliyewatembelea. Hakuwa na mshahara, alipewa nauli tu, na nauli yenyewe haikumfaa kitu kwa sababu kule juu mlimani boda boda hazifiki. Alitoka asubuhi na beseni la sabuni kichwani, akarudi mchana sauti imemkauka kwa kuongea. Mtu ambaye uani kwetu alikuwa akisema "habari" na "nzuri" tu, alikuwa akimaliza sauti yake yote huko milimani. Nilipaswa kujiuliza kwa nini.

Mwaka juzi serikali ikaanza kuyapekua mashirika ya nje, moja baada ya jingine, na kibali cha Mlango Wazi kilikuwa kinakaribia kuisha. Mtu fulani huko Kasese akauliza swali, na mimi simlaumu: ni hisani ya namna gani hii, ya kutuma watu waingie nyumba za wazee mpakani na kuandika wanayosema? Hapa mpakani waasi wameshatushukia, tumeshazika watu. Daftari lililojaa maneno ya watu wa mlimani si kitu cha kuchezea.

Madaftari yakachukuliwa. Afande mmoja, Enoka, akaletwa kutoka kambini kuyasoma, akakuta mahali pameandikwa: "Wale wa juu wameshuka tena kwa Tabisa. Walikuwa ishirini. Wamemaliza mahindi yote." Alihoji watu siku tatu hao ishirini ni akina nani, wana silaha gani. Ni nyani. Nasikia alicheka mwenyewe alipoambiwa, lakini madaftari hakuyarudisha.

Mwisho watu wa wilaya wakaamua hivi. Karatasi za shirika zilisema Bwera ina wazee kumi na wawili wanaoishi peke yao, wasiotembelewa na mtu. Basi maofisa wangekuja kuwaona wote, kila mmoja nyumbani kwake. Wakipatikana kumi na wawili, kibali kinatolewa. Akikosekana hata mmoja, shirika limedanganya serikali, na linafungwa Bwera, Kasese na Kisinga siku hiyo hiyo. Apollo alikuja uani kwetu kumweleza Mama Benedicte habari hiyo. Nilimwona mama akikaa chini kwenye jiwe la kufulia, taratibu, ameshika magoti. Nikadhani ni jua.

Walikuja Jumatano. Asubuhi nzima aliwazungusha, nyumba kwa nyumba, na wazee kumi na mmoja walipatikana, wazima, peke yao. Tabisa, wa yale mahindi, alikataa katakata Afande aondoke bila kula. Saa nane mchana wakaingia uani kwetu: Bi Musimenta kutoka wilayani, mwenye fomu, Afande Enoka na madaftari, Apollo, shati limelowa jasho, na Mama Benedicte mbele yao. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nachekecha chumvi.

"Imebaki moja," alisema Bi Musimenta. "Kahambu. Iko wapi huyu Kahambu?"

Mgeni wa huku lazima aelezwe. Sisi Wakonzo na ndugu zetu Wanande wa ng'ambo, mtoto anapewa jina kufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo majina ni yale yale kila nyumba. Akina Kahambu wa Bwera wanaweza kujaza kanisa. Mtu akiliona jina hilo kwenye orodha hashtuki wala haulizi ni yupi. Mimi mwenyewe nilianza kuwahesabu niwajuao, nikitaka kusaidia.

"Kahambu ni mimi," alisema Mama Benedicte.

Miaka tisa, na sikujua anaitwa Kahambu. Apollo alimtazama mdomo wazi. Naye hakujua.

"Muzee Arthur alikuwa namba kumi na mbili," mama alieleza, akimtazama Bi Musimenta na si Apollo. "Akakufa. Na ofisi ilikuwa imesema, bazee bakipunguka, Bwera batafunga. Nikaandika jina yangu. Sikudanganya, madame. Niko na miaka makumi sita na ine. Niko peke yangu."

"Nani alikuwa anakutembelea?" aliuliza Afande.

"Hakuna mutu, afande. Jumamosi nilikuwa naikala kwa nyumba, naandika."

Afande akafungua daftari, akatafuta kurasa za namba kumi na mbili, akasoma kwa sauti, maana alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti. "Kahambu iko mzima. Amekula muhogo. Leo hakuongea sana." Akageuza ukurasa. "Kahambu iko mzima. Alikumbuka watoto." Akageuza tena. "Kahambu iko mzima. Mvua ilinyesha. Hakuna neno." Aliendelea kidogo, sauti ikishuka, kisha akafunga daftari bila kuambiwa. Jumamosi hizo zote mimi nilikuwa hapo hapo, napika, redio imewaka. Nilijisikia vibaya hivi kwamba nikaendelea kuchekecha chumvi iliyokwisha chekechwa.

Bi Musimenta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi alizijua. Alisoma kanuni mbele na nyuma, kisha akasema, "Mutu haiwezi kutembelea na kutembelewa. Mama, wewe chagua. Kama uko mfanyakazi, namba kumi na mbili hakuna, na mimi naandika hakuna. Kama uko namba kumi na mbili, kazi unaacha leo. Wanaleta mutu mwingine."

Mama Benedicte akamgeukia Apollo. "Utatuma nani?"

"Phionah, wa Kisinga."

"Anavumiliaka? Tabisa anaongeaka polepole. Ukimukatiza, ananyamaza wiki muzima."

"Nitamwambia, mama."

Alishusha beseni la sabuni kichwani. Nilimtazama usoni, nadhani ni mara yangu ya kwanza kumtazama kweli, nikaelewa kinachochukuliwa pale. Milango kumi na mmoja ilikuwa inamfungukia kila wiki, na hakuwa na mwingine duniani. Akibaki na kazi, shirika linafungwa na milango yote inafungwa nayo. Akiiacha, wazee watabaki na mtu, na yeye atabaki hapa kwenye chumba cha kando ya choo.

"Andika mimi ni namba kumi na mbili," alisema. Akaliweka beseni miguuni pa Apollo.

Nilidhani yamekwisha. Lakini fomu ilitaka shahidi, jirani anayethibitisha kwamba mzee huyu kweli hana mtu. Wote wanne wakanigeukia, mimi na chekecheo langu.

"Mama, huyu unamujua?" aliniuliza Bi Musimenta.

"Namjua. Miaka tisa."

"Nani anakuja kwake?"

Nilitaka kusema, mimi. Lilikuwa hapa mdomoni. Mbele ya watu wa serikali nani anataka kuonekana jirani wa aina ile? Lakini ningesema hivyo, Kahambu angekuwa na mtu, na kumi na wawili wangekuwa kumi na mmoja. Tena ingekuwa uongo.

"Hakuna," nikasema.

"Na wewe?"

"Tunasalimiana."

"Kwake umeingia?"

Nikautazama mlango wake, hatua sita kutoka mkekani kwangu. Sikujua nyuma yake kuna kitanda au jamvi. "Hapana."

"Hata siku moja?"

"Mama Bright iko na kazi mingi," Mama Benedicte alidakia, upesi, kunitetea. Hapo ndipo aibu iliponipata barabara, na bado ninayo.

Nilifuta mikono, nikatia sahihi. Kibali kilitoka kabla mwezi haujaisha. Phionah akaanza kuja, Alhamisi kwa Alhamisi, msichana mpole, mwenye haraka kidogo. Wazee wote wana mtu. Huku Bwera watu walimsifu Apollo.

Mimi Jumapili ya kwanza nilisonga ugali wa muhogo, nikapika maharage ya Kyarumba kwa karanga, nikabeba sahani nikabisha hodi. Nilikuwa nimejipangia maneno. Mama Benedicte alifungua nusu, akatabasamu, akabaki amesimama katikati ya mlango.

"Batarudi, Mama Bright. Madame alisema kila miezi tatu batarudi kuangalia. Batakuuliza tena."

"Nitawaambia siingii."

"Utaingia, halafu utasema huingii? Ukishikwa na uongo, batafunga. Tabisa atabaki na nani?"

"Basi niseme ukweli, wakutoe kwenye orodha. Utakuwa na mimi."

Alinitazama kwa upole, bila kunilaumu, na hilo liliuma kuliko kulaumiwa. "Mimi nitakuwa na wewe," alisema. "Bale kumi na moja, je?"

Nikamnyooshea sahani. Akaipokea sahani, akahamishia chakula kwenye yake, akaiosha yangu hapo hapo nje, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikarudi kwangu. Tangu siku hiyo nilijilazimisha nisiingie kwake. Kuna jioni nilisikia akikohoa, nikainuka, nikafika mpaka nje kwake, nikarudi nikakaa. Wakati wa mvua kubwa paa lake lilivuja, nikamtuma fundi, sikwenda mwenyewe. Kumbe miaka tisa haikunigharimu kitu kutoingia kwake, na ile miezi mitatu ilinishinda karibu kila siku.

Walirudi miezi mitatu ilipotimia, Bi Musimenta na Afande. Fomu ilikuwa ile ile.

"Mama, kuacha Phionah, nani anaingia kwa huyu?"

"Hakuna mtu," nikasema, na ilikuwa kweli, nilikuwa nimehakikisha mwenyewe kwamba itakuwa kweli.

Nikatia sahihi. Mama Benedicte alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani. Akaniambia asante.