Jina Ambalo Sikuweza Kulitamka

Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, hakuna aliyeuliza ataitwa nani. Kwetu Ukambani mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, na baba mkwe wangu, aliyefariki kabla sijaolewa, alikuwa amebatizwa Pius na mapadre wa misheni. Ni jina la papa wa zamani. Mapapa, kwa kweli, maana baadaye nilisikia kwamba walikuwa kadhaa.

Kulitamka ndiko kulikokuwa na kazi. Kikamba hakina p. Paulo kwetu ni Vaulo na Petro ni Vetelo. Mama mkwe wangu alisema Viusi. Mume wangu, aliyekuwa amesoma kidogo, alisema Piusi. Padre, mzungu kutoka Ireland, alisema Paiyas. Mimi sikusema lolote. Mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake kwa jina, awe hai au marehemu, na mtoto akirithi jina hurithi pia heshima yake. Kwa hiyo mwanangu nilimwita Mzee tangu akinyonya.

Baba yangu naye hakulitamka, kwa sababu tofauti. Alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti huko Tulia, nilikozaliwa, na Roma hakuipenda hata kidogo.

"Mtoto ni mjukuu wangu, nitambeba na nitamlisha," aliniambia. "Lakini jina la papa halitatoka kinywani mwangu."

Akawa anamwita "kijana", na mambo yakaenda hivyo.

Mtoto alipokuwa wa miaka mitatu hivi, nilikwenda naye Tulia kumsaidia mama kuvuna mbaazi. Asubuhi moja aliamka mwili ukiwaka moto, na kabla ya chai akaanza kutetemeka na kugeuza macho. Baba alinipakia kwenye kariya ya baiskeli, mtoto mikononi mwangu, akaisukuma mpaka hospitali ya masista. Ndiyo iliyokuwa karibu.

Kwenye dirisha la kuandikishia wagonjwa kulikuwa na sista mzungu.

"Mtoto anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga.

"Mama, mtoto hana jina?"

"Analo, Sista."

"Basi sema."

Nilitazama sakafu. Mtoto alikuwa akihema kwa haraka kifuani pangu, na bado ulimi ulikataa. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Mwanamke mmoja akauliza kama huyu mama ni mgonjwa yeye mwenyewe. Baba alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Alijua vizuri kilichonizuia, maana yeye na mama ndio walionilea hivyo. Akakohoa.

"Viusi," alisema.

"Vi-nani?"

"Viusi!" Sasa alitumia ile sauti yake ya kusomea Maandiko, na veranda nzima ikageuka. "Viusi!"

"Ah, Paiyas."

"Huyo huyo, Sista. Mtibu."

Ilikuwa malaria. Alichomwa sindano, akalazwa, na baba akawa anakuja kila siku na uji kwenye chupa. Nesi alipoita "Paiyas" mara za kwanza, baba alikaa tu, mpaka nimguse bega. Baadaye akawa anasimama kabla yangu.

Siku tuliyotoka alitusukuma tena kwa baiskeli, na tulipokaribia nyumbani akaisimamisha.

"Nimemtaja baba mkwe wako," alisema. "Wewe huwezi, mimi naweza. Huyo papa mimi simjui."

Mama mkwe alipopata habari alikuja Tulia na kuku wawili kutoa shukrani. Wakiwa wanakunywa chai, baba akamuuliza, kwa heshima, "Mama, kwani huyo papa alikuwa mtu wa namna gani?"

"Sijui, mzee," alijibu. "Mimi namjua mume wangu tu. Alikuwa mtu mpole."

Baba akaitikia kwa kichwa, akamwongezea chai.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa uzima wa mjukuu wake, na akamtaja kwa jina. Nilimwona mama akiinamisha kichwa. Ibada ilipokwisha, mzee mwenzake akamfuata nje.

"Hilo si jina la Roma?"

"Ni jina la mjukuu wangu," baba alisema, kisha akamuuliza kama fundi wa paa la kanisa atakuja wiki hiyo au la.