Kichwa Inakuuma

Kwa muda mrefu tuliamini kwamba binti wa mdogo wangu ana adabu kupita watoto wote wa Kabondo. Asubuhi, ukiwa umeketi na kikombe chako, alikuja akasimama karibu nawe, hakutazami usoni, anatazama kikombe, kisha anasema: "Unataka chai?" Sauti haipandi wala haishuki. Wageni walifurahi. "Asante mama, nimekwisha kunywa," walimjibu. Naye alibaki palepale akirudia maneno yaleyale, mpaka analia, mpaka anajitupa chini. Hapo adabu iliisha na wageni wakaanza kutafuta viatu vyao.

Tulicheka sana. Tulisema huyu atakuja kufungua mgahawa, na wateja watakunywa kwa nguvu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na sina uvumilivu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo na majirani pia. Ninaishi uwanja mmoja na mdogo wangu, anayetwanga pondu, yale majani ya muhogo, na kuipeleka sokoni. Mume wake yuko Isangi na biashara ya samaki, tunamsikia kwenye simu zaidi ya kumwona. Mtoto wao alikuwa mwaka wa kwanza katika shule ninayofundisha, darasa la mwenzangu, kijana mpole aliyetoka chuoni juzijuzi. Mtoto alijua kusoma vibao vyote vya barabarani kabla ya kwenda shule, lakini kusalimu hakujua. Ukimwambia "bonjour" alitazama shingo yako. Aliimba matangazo ya redio tangu mwanzo hadi mwisho, na namba ya simu ya duka ikitajwa mwishoni aliitaja nayo. Tulisema atabadilika akikua.

Mvua zilipoanza, akaja na maneno mapya. Alikwenda kwa jirani yetu, mama anayekaanga mikate pale langoni, akasimama mbele ya karai la mafuta na kusema: "Kichwa inakuuma."

"Hapana, mama, hainiumi," jirani akacheka. Akampa mkate. Mtoto akautupa. "Kichwa inakuuma. Kichwa inakuuma." Akaenda kwa muuza vocha, akamwambia hivyohivyo. Akamwambia mwalimu wake mbele ya darasa zima. Aliniambia mimi nikiwa nasahihisha mitihani, nami kweli kichwa kilikuwa kinaniuma, nikamfukuza.

Kisha jirani akalala mgonjwa. Hapa kwetu malaria haingoji mwaliko, mvua ikinyesha kila nyumba ina mgonjwa wake kitandani. Lakini alipopata nguvu ya kuinuka, mama yule alikuja uwanjani kwetu akiwa amefunga kichwa kwa kipande cha kitenge, na hakuja kusalimu.

"Madame, ule mutoto yenu aliniambia kichwa inakuuma. Sikukuwa na kitu! Niko nakaanga mikate yangu muzuri. Sasa ona! Kichwa inapasuka!"

"Mama, ni malaria. Ulienda hôpital?"

"Nilienda. Malaria, d'accord. Lakini nani aliituma?"

Huyu ndiye aliyembeba mtoto yule mgongoni siku mama yake alipokuwa akijifungua yule wa pili aliyefariki. Nilitaka kucheka, nikaona hakuna mtu mwingine anayecheka. Mdogo wangu alikuwa amesimama na mti wa kutwangia mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia jambo alilolihofia siku nyingi.

Muuza vocha naye alikuwa ameugua. Mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni baada ya masomo: "Bon, Madame, mi sisemi kitu. Lakini aliniambia lundi, na kesho yake, mardi, nikaanguka na homa." Mtu mwenye diploma! Akamhamishia mtoto benchi la nyuma, peke yake. Nilimtukana kwa Kifaransa, ndiyo lugha ninayoitumia nikitaka matusi yawe na heshima. Haikusaidia. Watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kupata wimbo wao. Walipita nyuma ya ua wakipiga kelele: "Uko ndoki! Uko ndoki!" Yaani wewe ni mchawi. Yeye aliketi chini akipanga vifuniko vya chupa kwa rangi, hageuki, na mimi kwa ujinga wangu nikashukuru kwamba haelewi.

Jumamosi moja mdogo wangu akaniambia amepata mahali pa kumpeleka mtoto. Nyumba ya maombi, ng'ambo ya mto, Lubunga. Mtumishi wa Mungu wa huko anawafungia watoto kwenye chumba, hawali wala hawanywi, mpaka kitu kilichomo ndani yao kiseme jina lake na kutoka.

"Unamnyima mtoto maji?" nikamuuliza. Sikuamini masikio yangu. Ni mdogo wangu, ananiita yaya, yaani dada mkubwa, nilimlea mwenyewe, alikuwa akilia mtu akichinja kuku.

"Yaya, watu wote wanaongopa? Na vile anagonga kichwa ku ukuta, ile nayo iko malaria?"

Ni kweli, alikuwa akigonga kichwa ukutani, upande mmoja, siku hizo zote. Nilisema tu kwamba atapita juu ya maiti yangu, na yeye akasema sawa, tutaondoka asubuhi.

Asubuhi akamvalisha gauni la Krismasi. Kifurushi kilikuwa tayari mlangoni. Nikachemsha chai, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, na kwa sababu nilijua huko anakokwenda hatapewa. Nikatia sukari nyingi kuliko kawaida, nikampelekea kikombe mdomoni. Mtoto ambaye hajawahi kukataa chai tangu azaliwe akakisukuma. Ikanimwagikia mapajani.

"Hautaki chai," akasema.

Nikalipuka. "Mimi nataka! Wewe ndiye hutaki!"

Na nikasikia nilichosema.

Nilisimama pale na gauni limelowa. Wewe ndiye hutaki. Kila siku tangu akiwa mdogo tulimwinamia tukamuuliza "Unataka chai?", na chai ikaja. Kwake yeye hayo hayakuwa maswali yetu. Ndivyo chai inavyoombwa. Hakuwa anamkaribisha mgeni yeyote. Alikuwa akiomba, na sisi tukacheka mpaka akalia. Na kila alipopata homa, mama yake alimwinamia vilevile, akamshika paji la uso na kumuuliza: "Kichwa inakuuma?"

Nikaangusha kikombe. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto kama sufuria. Nilipogusa upande wa kushoto alipiga ukelele ambao sijausikia tena. Chini ya misuko ambayo alikuwa anakataa ifumuliwe, tukimwita mkaidi, sikio lilikuwa limevimba na kutoa usaha, na harufu yake ilinirudisha nyuma.

Sikumweleza mdogo wangu kitu. Nilimbeba mtoto, nikasimamisha toleka, nikapanda nyuma ya baiskeli ile na gauni langu la chai, na yule kijana akakanyaga pedali mpaka kituo cha afya. Mdogo wangu alitufuata kwa toleka nyingine, akiniita kwa sauti barabara nzima.

Muuguzi alimulika ndani ya sikio, akaomba tumshike vizuri. Akaingiza koleo ndogo. Kwanza ulitoka mguu. Kisha bawa. Kisha mende mwenyewe, vipande vipande, akaviweka kwenye pamba mbele yetu. Kitu kile kiliingia kikiwa hai, kikakwaruza humo ndani na kufia humo, na mtoto alikuwa akigonga ukuta ili kitoke.

"Iko pale tangu siku mingi," muuguzi akasema kwa hasira. "Mutoto hakusema?"

Mdogo wangu alikuwa akitazama ile pamba. "Alisema," akajibu. "Alisema kila siku. Aliambia kila mutu."

Kisha akaketi sakafuni, palepale kwenye kituo, na kulia kwa sauti. Sikumnyanyua. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na nilikuwa naogopa mno kufanya lolote.

Mtoto alipona, ingawa sikio lile halisikii vizuri. Kwenye nyumba ya maombi hakupelekwa. Jirani alileta mikate kwenye sahani iliyofunikwa, akasema hakujua, nami nikaipokea bila kumwambia kwamba ni sawa, kwa sababu haikuwa sawa.

Tukaanza upya. Nilikataza mtu yeyote kumuuliza swali. Tulimwekea maneno kama yanavyotakiwa kutoka kinywani mwake: unashika kikombe chake, unaweka mkono wako kifuani, unasema "Nataka chai", halafu unampa. Ungetuona ungesema tumerukwa na akili. Mdogo wangu, mtu mzima, anasema "Naumwa kichwa" huku akimshika mtoto kichwa. Jirani, ambaye sasa alikuwa na bidii kutuzidi, anapiga kifua mbele ya karai na kusema "Nataka mkate, nataka mkate" huku wateja wakingoja. Shuleni nilimsimamia mwenzangu mpaka akamrudisha benchi la mbele na kumfundisha kusema "je veux sortir" badala ya kumuuliza kama anataka kutoka kwenda chooni. Watoto wa darasa walijifunza haraka kuliko sisi. Alikojoa kwenye nguo mara chache zaidi, kisha akaacha.

Siku aliyoweka mkono kifuani na kusema "Nataka chai", tulipiga makofi kama kwenye harusi. Alishtuka, kisha akayapenda. Tangu hapo, kila akisema vizuri, anabaki ameweka mkono kifuani na kungoja makofi yake. Asipoyapata harudi kwenye vifuniko vyake.

Lakini hayo yote yalikuwa maneno yetu. Nilikuwa nangoja neno lake mwenyewe, lile ambalo hatukumfundisha, ambalo angelichukua kwenye kinywa cha mtu mwingine na kuligeuza mwenyewe liwe lake. Kama angeweza hilo, niliwaza, angeweza kueleza lolote litakalomkuta, hata tukiwa hatupo. Nilimwambia mdogo wangu: siku atakayoigeuza "uko" ya mtu kuwa "niko" kwa akili yake, tutapika kuku na lituma, ndizi zile za kutwanga. Tukawa tunangoja wote wawili. Alisema "niko na njaa", lakini hilo tulimpa sisi. Halikuhesabiwa.

Juzi jioni mapema nilikuwa kwenye kibaraza nikichambua mchele. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga. Mtoto aliketi miguuni pangu na vifuniko vyake, na nyuma ya ua watoto wa mtaa walipita wakikimbiza gurudumu, wala hawakumsemesha. Akawatazama mpaka wakapotea. Akaacha vifuniko. Akaweka mkono kifuani.

"Niko," akasema.

Mchele ukaniponyoka.

"Niko ndoki."

Sauti ileile, haipandi wala haishuki. Hakuwa na huzuni. Alilisema kama anavyosema anataka chai. Hakuna aliyemfundisha, alilisikia nyuma ya ua wakati ule, akalihifadhi mpaka akapata namna ya kulisema, na akaligeuza bila kosa lolote.

Kule nyuma mti wa kutwangia ulinyamaza.

"Yaya!" mdogo wangu akaita. "Amesema niko? Nimesikia niko!"

"Amesema," nikajibu.

Nikasikia miguu yake inakuja mbio kuzunguka nyumba. Alikuwa anacheka. "Niko nini, yaya? Niko nini?"

Mtoto alikuwa bado ameweka mkono kifuani, ananitazama shingo, anangoja makofi.