Pua Isiyo na Picha

Binti wa marehemu kaka yangu anasafisha picha. Si kufuta vumbi. Anasafisha sura za watu kwenye kompyuta. Unaingia studio yao na chunusi, macho mekundu na kidevu cha pili, unatoka na picha ambayo hata mumeo ataiuliza jina. Ana mkono mwepesi, na maharusi humsubiri yeye hata wenzake wakiwa wamekaa bure.

Pua yake ilikuwa yetu. Yaani yangu na ya baba yake: inashuka vizuri kutoka kwenye paji, ikifika katikati inapanda kinundu kama imejikwaa, halafu inaendelea na safari. Kaka yangu alikuwa akisema miwani ya ukoo wetu haihitaji masikio. Mimi nimezeeka nayo na sijawahi kumwomba mtu radhi.

Yeye aliichoka. Kutwa nzima ananyoosha pua za wateja kwa kipanya, akirudi nyumbani anaikuta ya kwake kwenye kioo iko palepale. Mwaka juzi akaenda kufanyiwa upasuaji bila kunishauri. Nilipopata habari nikala kiapo kwamba sitamtembelea, maana niliona kama amekatwa kaka yangu. Akapiga simu. "Shikamoo, shangazi." Nikamjibu, "Marahaba, na hiyo pua mpya nayo inaamkia?"

Hasira ziliniishia mlangoni siku nilipomwona. Kinundu kimeondoka, kweli, lakini katikati pamebonyea kana kwamba mtu ameweka kidole gumba kwenye unga uliokandwa, na ncha imeelekea kushoto. Tundu moja halipitishi hewa. Analala mdomo wazi, anaamka koo limekauka. Zamani yeye ndiye aliyewapanga watu mbele ya kamera na kuwachekesha. Sasa amehamia chumba cha nyuma, yeye na kompyuta, na mtu akiingia anaongea naye akiwa ameugeuza uso.

"Yule daktari alisema uvimbe utashuka," aliniambia. "Nimesubiri mpaka nimechoka, shangazi. Nataka kurudi nilivyokuwa. Uzuri siutaki tena."

Tukatafuta daktari mwingine, mtu mzima, mpole, anayesifika kwa kutengeneza yaliyoharibiwa na wenzake. Akamulika ndani ya pua, akabonyeza hapa na pale. Akasema gegedu, ule mfupa laini unaoishikilia pua, limekatwa kupita kiasi. Kujenga jingine itabidi achukue kipande kwenye ubavu. Hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: inaweza kukaa vizuri, inaweza kuwa mbaya zaidi. Kabla ya kukata shauri akaomba kitu kimoja tu. "Niletee picha zako za zamani, za mbele na za upande. Nataka kujua hapa palikuwa na nini."

Nikacheka kwa furaha. Mtu wa studio kuombwa picha! Lakini mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa.

Nyumbani nikajua kwa nini. Kwenye studio yao hawatunzi picha mbili. Picha ikishasafishwa huhifadhiwa juu ya ile mbichi, na mbichi inapotea, ili kompyuta isijae na ili mteja asije akaiona sura aliyokuja nayo. Ndivyo alivyofundishwa alipoanza kazi, na ndivyo alivyozifanyia zake mwenyewe. Hakuiacha picha yake hata moja ilale na kinundu. Ya kitambulisho pia aliipitishia mkono. Kwenye picha za harusi za jamaa hayumo, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamera.

"Na za utotoni? Zile za karatasi?" nikauliza.

Nikakumbuka. Alizikusanya kwetu sote, zilizofifia na kuliwa na unyevu, akatuletea mpya zinazong'aa, na zile kuukuu tukazitupa wenyewe. Nikainuka kuitazama yangu ya ujanani, iliyo ukutani sebuleni, ninayoiringia mbele ya wageni. Nikasogea karibu. Pua imenyooka kama rula.

"Wewe mtoto! Hata mimi?"

"Nilidhani utapenda, shangazi."

"Nilipenda!" nikafoka, na kwa kuwa ilikuwa kweli, nikazidi kukasirika.

Kwa hiyo siku ya miadi nilijipeleka mwenyewe. Nikavua miwani, nikamgeuzia daktari uso upande, nikamwambia, "Picha hakuna. Lakini kiwanda kilikuwa kimoja. Nakili hii."

Alinipima kwa heshima, bila kucheka. Kisha akamrudia mwanangu, akaishika ile ngozi ya juu ya pua kwa vidole viwili, akajaribu kuisogeza. Haikusogea. Akajaribu tena. Akakaa.

"Mama, hata kama ningeijua ilivyokuwa," akasema, "ngozi imeshikamana na kovu, na damu haifiki vizuri. Nikiifungua, inaweza kufa. Mimi sitaipasua."

"Hata ili nipate kupumua tu?" binti akauliza.

"Hata hilo. Una tundu moja linalofanya kazi. Siwezi kulichezea."

Akasema tuje tena mwakani, lakini alisema huku akifunga faili na kumtazama muuguzi aite mgonjwa mwingine.

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la korido, kati ya watu waliokuwa wakisubiri kuitwa. Moyo ulikuwa umenifa. Yeye hakulia. Alinigeukia akaniomba, kama mtoto anayeomba kushika kitu cha mtu mzima, "Shangazi, naweza kuigusa?"

Nikafumba macho. Kidole chake kikashuka polepole kutoka kwenye paji, kikapanda kinundu, kikasimama pale juu, kikateremka. Akarudia, akarudia tena, mpaka watu wa benchi la pili wakaanza kututazama.

"Ndivyo ilivyokuwa yako?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Najaribu kuikumbuka, shangazi. Zinazonijia zote ni zile nilizozinyoosha."