Nje ya Lango la Mkwe

Wiki hii paa la stoo ya shule yetu lilivuja, na magunia ya mtama wa uji yakalowa. Mpishi aliyatoa nje akaumwaga mtama juu ya turubai ili ukauke, lakini jua halikutosha, na kufikia wakati wa chakula cha mchana harufu ilikuwa imefika mpaka bwenini. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilisimama dirishani nikaivuta mpaka kifua kikauma. Harufu ya mtama uliolowa iko katikati ya pombe ya busaa na blanketi bichi. Naona haya kusema mbele ya watu kwamba harufu mbaya namna hiyo ilinitoa machozi, kwa hiyo nawaambia ninyi tu, mnaosoma polepole na hamcheki ovyo.

Mwaka wa mvua ya Elnino nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nikiishi na Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, katika bonde la mto Kuja, kule chini ambako mto huchoka na kutandaa kabla ya kuingia ziwani. Baba alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, na alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alikuwa Homa Bay akishona nguo kwenye veranda ya duka la Mswahili mmoja. Shangazi yangu aliolewa huko juu, upande wa Macalder, na mume wake aliitwa Owino. Alikuwa mchimba dhahabu. Dani alisema mkwe wake amechimba miaka yote hiyo, na dhahabu pekee aliyowahi kuiona ni ile ya jino la mnunuzi.

Basi tulikuwa wawili, na kuku, na dero, ghala letu la mtama lililosukwa kwa fito kama kikapu kikubwa na kusimama juu ya mawe. Na jogoo mmoja mwekundu mwenye majivuno, ambaye asubuhi aliwika kwanza kisha akageuka kuangalia nani amesikia. Nilikuwa mtoto wa haya. Nilikuwa naona haya hata kwa kuku, lakini jogoo yule alinizoea.

Jina langu ni Akoth, jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mvua ilipozidi mwaka ule, Dani alikuwa akisimama mlangoni, miguu yake imejaa matope mpaka kwenye magoti, ananiita kwa sauti ya kuchoka: "Akoth, jina lako linatusumbua. Hebu liambie lipumzike." Nami, bila kucheka, nilikuwa nainong'oneza mvua ipumzike.

Nje ya nyumba kulikuwa na jiwe la kusagia, pana, lililochimbika katikati kwa mikono ya wanawake waliokufa kabla sijazaliwa. Dani alikuwa na hadithi yake. Mwaka wa uhuru, alisema, ziwa lilipanda na mto ukakosa pa kumwaga, maji yakaja mpaka hapo. Yakalamba jiwe, yakaona aibu, yakarudi. Tangu siku hiyo jiwe lile lilikuwa mpaka wake na mto. Watu wengine walipima mvua kwa redio, Dani akapima kwa jiwe.

Naibu wa chifu alipokuja kutuambia tuhame, alikuwa amekunja suruali na kubeba viatu mkononi.

"Mama, ondokeni. Redio inasema maji makubwa zaidi yanakuja."

"Redio iko wapi?"

"Nairobi."

"Basi Nairobi wahame."

Naibu hakucheka. Alisema shule ya msingi iko salama, lakini iko ng'ambo ya kijito, na kijito kilikuwa kimeshakula daraja la magogo. Wenye jamaa huko juu waende kwa jamaa zao. "Wewe si una binti Macalder?" akauliza.

Dani alifyonya. "Nikalale kwa mkwe wangu?"

Naibu aliangalia viatu vyake. Na yeye ni Mjaluo.

Ninyi wa kwingine labda hamjui. Kwetu mama halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Anaweza kwenda mchana, akapokewa kama malkia na kuchinjiwa kuku, lakini kabla jua halijazama yuko njiani kurudi. Yeye na mkwe wake hawashikani mikono, hawali wakitazamana. Heshima kati yao ni kama yai, haishikwi kwa nguvu. Na nyumba ni ya mkwe hata asipokuwamo.

Majirani waliondoka, wengine na vitanda kichwani, mmoja na mlango wa nyumba yake mgongoni. Bonde likawa kimya isipokuwa vyura. Kila asubuhi nilikuwa natoka kuangalia jiwe. Kwanza maji yalikuwa mbali, kwenye migomba. Halafu yakawa kwenye njia. Halafu asubuhi moja nikakuta yanalilamba, taratibu, kama ng'ombe anavyolamba chumvi, wala sikuona dalili yoyote ya aibu.

Nilirudi ndani nikasema, "Dani, yamefika."

"Sasa yatarudi," akasema. Lakini hakumaliza uji wake.

Nilitaka kumwambia naogopa. Sikujua kulisema neno hilo kwa mtu mzima bila kulia, basi nikashika ncha ya kanga yake na kujifanya naifunga.

Asubuhi hiyo hiyo Owino alikuja. Alikuwa amelowa mpaka kope, ana jembe begani na punda mmoja anayelalamika. Hakuingia uani. Alisimama langoni, akageuza uso kuelekea ua wa miti yenye utomvu mweupe, akakohoa. Dani naye akajificha nyuma ya mlango. Mimi nikasimama katikati kwenye mvua, kwa sababu maneno yao yalikuwa lazima yapitie kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Akoth, msalimie maro," alisema Owino. Maro ni mama mkwe. "Mwambie nimekuja kuwachukua."

"Akoth, mwambie ahsante," ilisema sauti ya nyuma ya mlango. "Mwambie silali kwake."

"Mwambie nitalala mgodini."

"Mwambie hata akilala Uganda, nyumba ni yake."

Owino alifikiri kidogo. Punda alitikisa masikio. Maji yalikuwa yameshapita jiwe na kushika vidole vyangu vya miguu, na nakumbuka baridi yake kuliko ninavyokumbuka uso wa mtu yeyote siku ile.

"Mwambie maro sijamwita nyumbani kwangu," alisema Owino hatimaye. "Nimemjengea nje ya lango. Nguzo ni za mgodi, juu ni nailoni. Nimepima kutoka kwenye ua wangu mpaka barabarani, na kibanda kiko upande wa barabara. Barabara ni ya serikali. Akilala pale, atakuwa amelala kwa serikali."

Akakohoa tena. Kisha nyuma ya mlango nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Dani alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha puani alichokizuia kwa kanga.

"Akoth," alisema, "mwambie serikali nakuja."

Tulifungasha haraka. Dani alijaza mtama wa mbegu katika kibuyu, akaufunika kwa majani ya mgomba, akakikumbatia kama mtoto. Sufuria, blanketi, kigoda chake, kuku watatu miguu imefungwa. Owino, aliyeingia uani kupakia punda, akanyoosha mkono amchukue jogoo, na kwa mara ya kwanza Dani akasahau kwamba mkwe hasemezwi moja kwa moja.

"Huyo wacha."

Jogoo alikuwa juu ya paa la nyasi, manyoya yamemganda mwilini, bado ana majivuno. Nililia njia nzima ya kupanda. Nilidhani Dani alikuwa amekasirika na mvua, na hasira yake ikamwangukia kiumbe niliyempenda mimi.

Kutoka barabarani kwa Owino bonde lote lilionekana. Kesho yake hakukuwa na bonde. Kulikuwa na bati moja kubwa la maji ya rangi ya chai, na katikati yake kilele cha dero letu, kikiwa kimeinama kama mtu anayesikiliza. Shangazi alitoka na uji, akasimama karibu na mama yake. Watu wa Karungu, kule ufuoni mwa ziwa, walisema baadaye kwamba vyombo vya watu wa bonde vilifika kwao vikielea, hata kiti kimoja kikiwa na paka.

Maji yalipopungua tulishuka. Nyumba ilikuwa kichuguu cha udongo. Dero lilikuwa limelala ubavu, mtama umevimba, mwingine umeshaota mizizi myeupe, na harufu yake, hiyo niliyowaambia, ilikuwa imejaa kote. Nilimwita jogoo mpaka sauti ikaisha. Dani hakumwita. Alikuwa akitembea huku na huko akichimbua mchanga kwa mguu, na nilipomwuliza anatafuta nini akasema, "Jiwe." Mto ulikuwa umelifunika kabisa. Alikaa chini palipokuwa mlango, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuta wenyeji hawapo.

Mtama tulioweza kuuokoa tuliuanika kando ya barabara, na ugali wake ulikuwa mchungu. Tuliula hivyo hivyo. Halafu yakaja mahindi ya manjano ya msaada, ambayo Dani alisema yana ladha ya gunia. Barabara ya Homa Bay ilipopitika, Mama alikuja kutuchukua. Dani akasema, "Nikienda Homa Bay, bondeni nani ataniona nikirudi?" Mama alinitazama, mimi nikatazama chini. Nilibaki.

Tulidhani kibanda ni cha mpaka mvua iishe. Mvua iliisha, mwaka ukaisha, sisi bado tuko nje ya lango. Huko shuleni watoto walinipa jina la Abiria.

"Abiria, basi lenu halijapita?"

"Mwulize nyanyake kama ameshakata tiketi."

Niliona aibu isiyo na kifani. Ndani ya ua, hatua chache tu, kulikuwa na nyumba ya mabati inayolia vizuri mvua ikinyesha. Sisi tulikuwa na nailoni inayopigapiga na kupasuka. Kila jioni Owino alileta kuni kavu, akaziweka kando ya barabara, akakohoa, akaenda zake. Nilimchukia kwa kikohozi kile. Nilijiuliza mtu gani huleta kuni na asilete paa.

Siku moja alileta. Aliegemeza mabati mapya kwenye ua wake, akaniita. "Mwambie maro nimepata kidogo mgodini."

Dani aliyatazama kwa muda mrefu, yanang'aa. "Mwambie ni mazuri," akasema. "Mwambie mabati hayalali barabarani."

Owino akayabeba akayarudisha ndani, na usiku ule nailoni ilivuja juu ya kichwa changu. Nikawachukia wote wawili.

Kila msimu wa kupanda, Dani alishuka bondeni asubuhi na kibuyu chake. Mbegu ya kwanza katika boma hutupwa na mama wa boma, na boma lilikuwa lake, hata kama lilikuwa mchanga. Alirudi jioni, ananuka mto, anaimba puani. Nikamwuliza mara moja kwa nini hatujengi kwingine. Akasema, "Mjane hahamishi boma peke yake. Boma jipya huingiwa na mwanamume, na moto, na jogoo." Nilisikia maneno, nikaendelea kuosha sufuria.

Aliugua nilipokuwa nasubiri kuingia kidato cha kwanza, akafariki katika kibanda kile, nje ya lango, kwa serikali. Wanaume wa ukoo walishuka asubuhi wakasimamisha kijumba cha nyasi juu ya mchanga, ili atokee kwake, akazikwa ubavuni mwa babu. Tuliporudi juu jioni, Owino alikuwa ameshaanza kung'oa nguzo. Alizing'oa zote. Nilimwomba aniachie hata moja, akatikisa kichwa.

"Mwenyewe amerudi nyumbani," alisema. "Hapa hakukuwa na nyumba."

Hapo ndipo nilipomkumbuka jogoo juu ya paa. Aliachwa kwa sababu jogoo ndiye anayehama na watu, na Dani alikuwa hajahama. Mabati yangekuwa kuhama. Homa Bay ingekuwa kuhama. Miaka yote ile tuliyoitwa abiria, yeye alikuwa kweli anangoja, na mkwe wake, kwa kikohozi na kuni, alikuwa anamsaidia asifike mahali asipotaka kufika. Mimi nililala katikati yao na sikuona kitu.

Likizo iliyopita nilipita pale. Palipokuwa kibanda pameota mtama, ule ulioanguka kutoka kwenye kibuyu, vichwa vyake vimeiva na ndege wanaula. Owino alikuwa langoni. Nilimwuliza mbona hauvuni.

"Huo ni wa serikali," alisema. Kisha akageuza uso kuelekea kwenye ua, kama alivyofanya kila mara Dani alipokuwa karibu.