Aranchini Iliyotoroka Mkobani Ukweni

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana aibu hii niliipata mchana kweupe, mbele ya wakwe.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kupata vitu tena, baada ya foleni za sabuni na unga wa mahindi ya njano tuliouita yanga, nami nilitoka Kigera na mdogo wangu Magesa na baba mdogo Wambura, kwenda Butiama kumposea Magesa mke. Baba mdogo ndiye msemaji, mimi dada mtu kazi yangu kukaa kimya kwa heshima (kazi rahisi, au siyo?). Njiani pale Makutano gari lilichemsha, dereva akateremka kutafuta maji, na mimi nikasikia harufu.

Zamani nilisomaga ushonaji kwa masista Musoma, na sista mmoja Mtaliano alikuwaga anatukaangia mipira ya wali, ndani nyama na jibini, akiita aranchini. Miaka yote ya shida niliiota usingizini, ya moto, ya dhahabu, jibini ikivutika polepole kama uzi usiokatika, halafu naamka na njaa yangu. Sasa kumbe hapo kando ya barabara kuna kibanda cha mzee aliyewahi kuwapikia Wataliano waliojenga barabara, naye anaikaanga! Nikala moja nimefumba macho, ukungu wa ziwa la utotoni ukanijia mbele, sikusikia hata Magesa akiniita.

"Dada, tunachelewa!"

Nikafunga nyingine mbili kwenye gazeti, nikazitia mkobani. Kosa ndilo hilo.

Ukweni tumeketi, baba mdogo anaongea kwa adabu, wazee wanatikisa vichwa, na mimi nimezama kwenye ndoto zangu za jibini, wala sikumwona mbwa wa nyumba aliyeingiza kichwa mkobani. Niliposhtuka na kuuvuta mkoba, mpira mmoja ukaruka, ukabiringika taratibu katikati ya sebule mpaka miguuni kwa baba wa binti.

Kitu cha mviringo, cha kahawia, kimetoka kwenye mkoba wa dada wa bwana harusi! Mama wa binti akamvuta binti yake nyuma.

"Mama, hii ni dawa gani umetuletea?" baba wa binti akauliza.

"Siyo dawa, baba. Ni wali. Wali wa Wataliano."

"Basi ule tuone."

Magesa alinitazama kama mtu anayezama. Nikauokota, na vumbi lake na mate ya mbwa, nikauma, na jibini ile ikavutika kutoka mdomoni mpaka mkononi, ikavutika, ikakataa kukatika, na mimi nimekodoa macho, machozi yananitoka. Mtu akasema, "Yesu!" Baba mdogo akainamisha kichwa.

Ndipo bibi wa binti, aliyeketi pembeni, akanyoosha mkono: "Kuna mwingine?" Nikampa uliobaki. Akatafuna kwa meno machache, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka tukaogopa.

"Baba," akamwambia mwanawe, yule baba wa binti, "mwache mtoto aende. Kwa watu hawa hatalala njaa."

Magesa alioa. Mimi nikaapa, na sijavunja: chakula cha njiani nakila njiani, hata kama kinaniunguza ulimi, na ukweni nafika na mkoba wazi, mwenye macho atazame.