Kila Mtu na Karamu Yake

Jumamosi alasiri hapa Ngoingwa, vijana kwa wazee tunakutana nyuma ya kanisa kuandika mashairi, kila mtu atue mzigo wa moyo wake. Mimi huenda kwa sababu habari zote hupitia hapo. Mwenyekiti wetu, mama Mkikuyu kama mimi, alikuwa amewatangazia wageni: "Kila mtu aje na karamu yake!"

Basi Jumamosi moja akaingia jirani yangu, mzee wa kutoka Kakamega, ambaye tangu azike mkewe hakuwa akiongea na mtu. Sisi tumeshika biro, yeye ameshika sufuria ya kuku.

"Haiya! Guka, ni kalamu! Ya kuandika!" Msichana wa nywele za kijani alimwambia babu huyo, akiangua kicheko.

Mzee akafunika sufuria, akageukia mlango. Nikajua akitoka hivyo harudi tena. Lakini mvuke ulishatanda chumbani, na msichana akamshika mkono. "Pole, guka. Nani alikufunza kupika hivi?"

Mzee aliutazama ule mvuke kama kuna mtu ndani yake. "Yeye alikuwa akitia tangawizi mwisho, halafu anaiimbia ikichemka. Tangawizi nimetia. Wimbo ndio sijui."

Msichana akayaandika maneno hayo kwa mistari, akamsomea.

"Hayo ni yangu?" mzee akauliza polepole.

Tulikula tukinong'ona kama watu walio ndotoni. Siku hizi vijana wanamfundisha mwenyekiti kutamka kalamu. Mimi namwombea ashindwe.